Dirishani Msiende

Eustolia alitoa sharti moja tu alipomkabidhi komadre wake, Remedios, zile tiketi tatu.

"Ingieni, furahini, tokeni. Dirishani msiende."

"Dirisha gani, komadre?"

"Lile la kupandisha tiketi. Mtawaona watu wamepanga foleni, wanabadilisha tiketi ya siku moja kuwa pasi ya mwaka mzima. Waacheni na mambo yao. Hizi zangu si za kupandishwa. Ni za wafanyakazi wa hospitali, mimi ndiye niliyezinunua, na jina langu limo ndani ya mashine yao. Mlangoni hawaulizi neno. Dirishani wanauliza."

Remedios alizipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea ekaristi, akatoa pesa alizozifunga kwenye leso. Dola mia na tano kila tiketi. Hospitali iliwauzia wapishi na wafagiaji wake kwa tisini na tano, na zile kumi za juu zilikuwa za Eustolia, ujira wa miguu yake. Mtaani kwao Santa Ana, huko California, hakuna aliyeona vibaya. Mlangoni pa Bustani, ile bustani kubwa ya michezo, tiketi hiyohiyo ilikuwa mia na sitini, nani angenung'unika? Nusu ya mtaa ilinunua kwa Eustolia: tamale za mahindi za kila Ijumaa, wanja na krimu za katalogi, na tiketi za Bustani.

Kumi zile ziliishia kwenye petroli. Mara tatu kwa wiki Eustolia alimpeleka mumewe, don Lázaro, kusafishwa damu. Kusafishwa kwenyewe kulilipwa na bima ya kazi yake ya jikoni hospitalini. Don Lázaro alikuwa mtu wa mzaha. "Wengine wanatembea na figo zao," alizoea kusema. "Mimi natembea na kazi ya mke wangu."

Tangu siku Eustolia alipombeba Yaretzi, binti wa Remedios, kwenye maji ya ubatizo, wanawake wale wawili hawakuwahi kuitana majina tena. Ilikuwa komadre huku, komadre kule. Kwa watu wa Michoacán, kule Meksiko walikotoka, komadre ni zaidi ya dada. Dada unamkuta tu tumboni mwa mama yako, lakini komadre unamwapia mbele ya padri.

Na sasa Yaretzi alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwao msichana hufanyiwa sherehe kubwa ya kuwa mwanamke. Sherehe haikuwapo. Baba yake, Telo, aliyekuwa akipunguza mitende ya matajiri, alikuwa ameanguka na kuvunjika bega, na mkono ulikuwa bado umefungwa shingoni. Basi ikaamuliwa iwe misa ya shukrani, sufuria la pozole, supu ya mahindi na nyama, uani, viatu vya kisigino kutoka kwa Eustolia, madrina wake, yaani mama yake wa ubatizo, na kabla ya hapo siku moja Bustani. Hakuna ukumbi, hakuna gauni la kuburuza. Yaretzi alisema, "Sawa, mama." Akarudi kwenye vitabu vyake. Na hilo ndilo lililomuumiza Remedios. Mtoto akilia unajua pa kumshika. Akikubali kirahisi, wewe ndiye unayekosa usingizi.

*

Walifika Bustani mapema, Telo akiwa na mfuko wa burito zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha. Mlangoni tiketi zilipita bila neno, kama Eustolia alivyosema. Mfanyakazi mmoja alipojua kuwa ni siku ya Yaretzi alimbandika kifuani beji kubwa ya manjano: Leo Ni Siku Yangu. Kila waliyempita alimpongeza. Msichana alikuwa anacheka kwa aibu, mkono mdomoni.

"Na mimi nibandikwe yangu," Telo alisema. "Iandikwe: Niliangukia Bega."

"Yako iandikwe: Nimekula Burito Zote," Yaretzi akamjibu.

Mchana Remedios alikaa kwenye benchi apumzishe miguu. Yaretzi alikuwa amekutana na wasichana wawili wa darasa lake, wamesimama kando ya maji wanaongea. Wale wawili walikuwa na pasi za mwaka. Walikuwa wanakuja kila Jumamosi, wakila viazi, wakipiga picha, wakirudi kwao. "Jumamosi ijayo unakuja?" mmoja aliuliza. Yaretzi alijibu, "Labda nitakuwa na kazi." Hakuwa na kazi yoyote.

Pembeni ya Remedios aliketi mama mmoja mnene aliyekuwa akijipepea kwa ramani. Yeye ndiye aliyeleta maneno.

"Mmeshapandisha zenu?" aliuliza. "Pandisheni kabla hamjatoka. Ukishatoka tu, tiketi imekufa. Lakini ukiwahi leo, ile bei uliyoilipa wanaikata kwenye pasi ya mwaka. Iliyobaki unalipa kidogo kidogo kila mwezi, hata huisikii. Mimi nimewapandishia wanangu wote."

Huyo mama hakusema uongo. Ila tiketi zake alizinunua mlangoni. Enyi wenye watoto, hapo ndipo pa kusikiliza vizuri: ushauri unaweza kuwa wa kweli kwa anayeutoa na ukawa shimo kwa anayeupokea.

Remedios aliyageuza maneno yale kichwani. Kidogo kidogo kila mwezi. Angeacha kununua kahawa ya asubuhi, angechukua zamu moja zaidi kwenye moteli alikokuwa akikunja mashuka. Mwanawe angepata Jumamosi za mwaka mzima. Kuhusu sharti la Eustolia, alijiambia kwamba komadre alikuwa na hofu tu, kama watu wote wenye mgonjwa nyumbani. Na kwani wangeuliza nini? Ukweli angeuambia. Ukweli haumwui mtu.

Akamwita Yaretzi. Telo alikuwa kwenye foleni ya mashua, mbali.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Njoo tu. Ni zawadi yako."

Msichana alipoona foleni alisimama. "Mama. Madrina alisema tusiende dirishani."

"Alisema hivyo kwa ajili ya watu wengine. Sisi si wengine."

"Mama, mimi sitaki pasi."

"Unaitaka. Nimekuona kando ya maji pale."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu ya ukweli huo Yaretzi hakupata nguvu ya kumvuta mama yake.

*

Dirishani alikuwa msichana mwenye nywele zilizobanwa, jina kifuani: Brisa. Alipoisikia lafudhi ya Remedios akabadili na kusema lugha yao ya Kihispania, na Remedios akafurahi kama aliyekutana na ndugu sokoni.

"Hongera, mrembo," Brisa alimwambia Yaretzi akiitazama beji. Akapitisha tiketi kwenye mashine. Akaipitisha tena. Tabasamu halikuondoka, lakini likaacha kusogea.

"Hii ni tiketi ya wafanyakazi wa hospitali, señora. Wewe ndiye mfanyakazi?"

"Hapana, binti yangu. Mimi niko motelini."

"Basi aliyenunua ni nani kwako? Hizi ni za mfanyakazi na watu wa nyumba yake tu." Brisa aliinama karibu na kioo. "Ni mtu wa familia, sivyo? Mnaishi pamoja?"

Aliuliza polepole, akikaza macho. Mtu mwingine angelikamata jibu lililokuwa limewekwa mkononi mwake. Lakini Remedios alisikia neno familia tu, na kifua kikajaa.

"Familia kabisa! Ni komadre wangu. Eustolia. Eustolia Barriga, yuko jikoni, muulizeni yeyote pale hospitalini. Alimbatiza huyu hapa. Anaishi mtaa wa pili, nyumba ya kijani."

"Mama," Yaretzi alisema kwa sauti ndogo.

Nyuma ya Brisa alikuwa amesimama msimamizi, mwanamume mwenye redio ya kiunoni. Alisogea hatua moja. Brisa alivisikia viatu vyake na hakugeuka.

"Señora, mfumo unaonyesha tisini na tano. Ndiyo itakayokatwa kwenye pasi. Ni sawa?"

Hapo Remedios angeweza kusema ni sawa. Lakini alikuwa amezihesabu pesa zile siku tatu, na kila dola ilikuwa ya mtoto.

"Hapana, si sawa. Mimi nililipa mia na tano. Nilimpa mwenyewe mkononi. Mnikatie mia na tano."

Brisa alifumba macho kidogo. "Natamani usingeniambia hivyo, mama," alisema. Lakini msimamizi alikuwa ameshafika kwenye kioo, na alikuwa ameelewa lugha yote.

Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa. Wa Remedios uliponza kichwa cha mwenzake.

*

Tiketi zote tatu zilifutwa. Telo alitolewa kwenye foleni ya mashua zikiwa zimebaki familia mbili mbele yake. Alikuja akisindikizwa na kijana wa ulinzi, burito ya mwisho mkononi, akiuliza, "Nimevunja nini? Mimi nina mkono mmoja, nitavunja nini?" Hakuna aliyecheka.

Walipitishwa mlango wa pembeni ili wasiwasumbue wageni. Hata hivyo wageni waliwaona. Wale wasichana wawili wa kando ya maji waliwaona, mmoja akainua mkono kumpungia Yaretzi, halafu akaushusha katikati. Mlangoni Yaretzi alianza kubandua beji ya manjano amrudishie msimamizi.

"Kaa nayo," yule alimwambia. "Hiyo ni ya bure."

Kwenye gari Telo aliuliza mara moja tu. "Umemtaja?"

"Waliuliza kama ni familia."

"Nimekuuliza, umemtaja?"

Remedios alitazama nje. Mitende ilikuwa inapita, mmoja baada ya mwingine, iliyopunguzwa vizuri na watu wengine.

*

Eustolia alikuja wiki iliyofuata bado amevaa sare ya jikoni, ingawa hakuwa ametoka kazini. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko, akakataa kahawa.

"Wamenisimamisha, komadre. Wameniita ofisini, wamenionyesha karatasi. Wanasema nauza mali ya hospitali. Wanajua hadi kumi ya juu. Kumi! Nani angejua kumi isipokuwa aliyenunua?"

Remedios alikuwa anakaanga pilipili. Moshi ukamkaba, akamshukuru Mungu kwa moshi.

"Na bima?" aliuliza akikohoa.

"Wakinifukuza, bima inakwisha na mwezi. Lázaro hajui. Namwambia niko likizo. Ananiambia, 'Likizo gani hii unalia ukimenya viazi?'" Eustolia alijifuta macho kwa kiganja. "Nimewaza kila mtu niliyemuuzia. Ni Chayo tu. Chayo aliniomba nimpunguzie, nikakataa. Ni Chayo, sivyo, komadre? Wewe unamjua ulimi wake."

Huko sebuleni Telo alizima televisheni. Yaretzi, aliyekuwa mezani na kitabu, hakugeuza ukurasa. Nyumba nzima ilimsubiri Remedios.

"Chayo ana mdomo," Remedios alisema.

Halikuwa jibu. Lakini Eustolia alilipokea kama jibu, akaitikia kwa kichwa, akainuka. Mlangoni alimbusu komadre wake mashavu yote mawili na kumshukuru kwa kumsikiliza.

Gari lake lilipoondoka Telo alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Ungemwambia tu, mke wangu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baada ya misa. Nisimharibie mtoto siku yake."

"Siku ya mtoto uliiharibu dirishani," Telo alisema, si kwa ukali. "Sasa unaharibu ya Chayo."

Na kweli. Jumamosi, kwenye nyumba ya mashine za kufulia, Chayo alimsalimia Eustolia kwa furaha kama kawaida, akamsogezea kikapu amwachie mashine. Eustolia alikiinua kile kikapu, akakiweka sakafuni, akaenda kufulia upande wa pili.

"Kuna nini?" Chayo alimuuliza Remedios. "Nimemfanya nini mimi?"

"Ana mawazo. Mume mgonjwa."

"Mume ameugua miaka minane, na mashine nikimwachia alikuwa anaipokea."

Remedios aliingiza nguo za rangi na nyeupe pamoja, bila kuona. Mashati ya Telo yalitoka ya waridi.

*

Barua ya hospitali ilitoka siku chache kabla ya misa. Eustolia alifukuzwa. Mtu wa chama cha wafanyakazi alimwambia angeweza kukata rufaa, itachukua miezi. Damu ya don Lázaro haikuwa na miezi. Kliniki iliahidi kumwendeleza mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo wangeona.

Remedios alidhani Eustolia hatakuja. Kwa siri aliomba asije. Lakini alikuja, na gauni lake la kijani, na don Lázaro amevaa kofia yake nzuri. Boksi la viatu Eustolia alilibana kwapani. Viatu vilinunuliwa zamani, kabla ya yote. Alikuwa amevifuta upya.

Baada ya misa watu walikusanyika uani, viti vya kuazima, pozole ikichemka. Hakuna gauni la kuburuza; Yaretzi alivaa nguo nyeupe ya kawaida na viatu bapa vya shule. Wakamweka kwenye kiti katikati. Hii ndiyo desturi: madrina anapiga magoti, anamvua binti viatu vya utoto, anamvika vya kisigino, na tangu hapo ni mwanamke. Mtu akawasha muziki, mwingine akainua simu apige picha. Chayo alikuwa amesimama karibu na ukuta na sahani yake, mbali na wengine.

Eustolia alipiga magoti kwenye saruji. Magoti yake yalilia, watu wakacheka kwa upole, naye akacheka. "Mguu, binti yangu."

Yaretzi alirudisha miguu yake chini ya kiti.

"Mguu, mpenzi. Unaona haya?"

"Mama," Yaretzi alisema. Hakumtazama madrina wake. Alimtazama Remedios. "Asipige magoti hivi, mama. Mwambie kwanza."

Telo alizima muziki kwa mkono wake mzima.

Remedios alikuwa ameshika kijiko kikubwa cha pozole. Aliona macho ya watu, aliona Chayo ameinua uso, aliona kofia ya don Lázaro. Alikuwa ameandaa maneno usiku mwingi, marefu, yenye sababu, yenye yule mama wa kujipepea na wasichana wa kando ya maji. Hayakuja.

"Ni mimi," alisema. "Nilikwenda dirishani. Waliniuliza kama wewe ni familia, nikasema wewe ni komadre wangu. Nikataja na ile kumi. Chayo hakusema kitu."

Eustolia alibaki alivyokuwa, magoti chini, kiatu kimoja cheupe mkononi. Alikitazama kiatu kile kwa muda kama mtu anayetafuta upande wake. Don Lázaro alivua kofia.

"Komadre," Remedios alisema, "mimi nilidhani..."

"Mguu, mtoto," Eustolia alimwambia Yaretzi.

Msichana alikuwa analia. Alitoa mguu. Eustolia alimvua kiatu cha shule, akamvika kile cheupe, akaufunga mkanda wake kwa uangalifu, kitundu cha kwanza, akaona kinabana, akaulegeza hadi kitundu cha pili. "Mwingine." Akavika na wa pili. Akambusu magoti yote mawili, akamchora msalaba kwenye paji la uso. Alikuwa amemwapia mtoto huyu mbele ya padri, na kiapo chake hakuwa amekivunja yeye.

Kisha alijaribu kuinuka, magoti yakagoma. Remedios alitupa kijiko, akakimbia na kumnyooshea mkono. Eustolia hakuushika. Alishika ukingo wa kiti, akajiinua polepole, akajipangusa saruji kwenye gauni.

"Chayo," aliita bila kugeuka, sauti imekwaruza. "Unisamehe. Una gari? Langu halina petroli ya kurudia."

Chayo aliweka sahani chini. "Ninalo."

Eustolia alimshika mumewe mkono. Njia ya kutokea uani ilikuwa nyembamba, kati ya sufuria na ukuta, na Remedios alikuwa amesimama katikati yake, mikono bado imenyooshwa.

"Bi Remedios," Eustolia alisema kwa adabu, kama unavyomwambia mtu usiyemfahamu kwenye foleni, "naomba nipite."